Daftari la Ziwa: Kijana Aliyehesabu Nishati ya Jua Majini

Mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii wahenga waliitungia wafanyabiashara, lakini yafaa vilevile kwa elimu ya viumbe. Ziwa nalo lina mali yake, nayo ni nishati inayotoka kwenye jua. Kila siku nishati hiyo huingia majini, hupita kutoka kiumbe kimoja hadi kingine, na hatimaye hupotea. Zamani wataalamu wengi waliyachunguza maziwa kwa mafungu: huyu alihesabu samaki, yule alichora mwani, mwingine alipima joto la maji. Kijana mmoja wa Marekani, Raymond Lindeman, alizipanga hesabu za namna hiyo ngazi kwa ngazi, katika daftari moja. Makala haya yaeleza jinsi alivyolifikia wazo hilo, hesabu zake zilionyesha nini, na kwa nini zinatuhusu sisi tunaokula samaki wa maziwa makubwa ya Afrika.

Mtoto wa mkulima na ziwa dogo

Lindeman alizaliwa mwaka 1915 katika familia ya wakulima, katika jimbo la Minnesota. Alipoanza masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Minnesota, hakuchagua kuchunguza ziwa kubwa lenye sifa. Alichagua Cedar Bog Lake, ziwa dogo lililoko kaskazini ya mji wa Minneapolis, lenye kina cha meta moja hivi. Ziwa hilo lilikuwa limezeeka. Kandokando yake palikuwa na kinamasi, na chini yake palijaa tope laini la mabaki ya mimea. Wakati wa kipupwe uso wake uliganda ukawa barafu, na oksijeni iliyomo majini ikapungua mno.

Udogo wa ziwa hilo ndio uliokuwa faida yake. Mtafiti mmoja, akisaidiwa na mkewe Eleanor, aliweza kulizunguka lote na kuchota sampuli za kila aina. Kwa muda wa miaka mitano hivi Lindeman alikusanya mimea ya majini, mwani, wadudu, samaki na matope. Kazi hiyo haikuwa na fahari yoyote. Ilikuwa kazi ya ndoo, chujio na mizani.

Katika kazi hiyo alikutana na jambo lililomtatiza. Alipolitazama tope la chini kwa hadubini aliona vipande vya majani makavu, bakteria na vijidudu vimechanganyika pamoja. Je, tope hilo lihesabiwe kuwa kitu hai au kitu kisicho hai? Bakteria walikuwa wakiyala majani yaliyokufa, wadudu wakilila tope pamoja na bakteria waliomo, na madini yaliyotoka humo yakirudi kuilisha mimea mipya. Lindeman akaona kwamba kuvitenga vitu hai na visivyo hai katika ziwa ni kuchora mpaka pasipo na mpaka. Miaka michache kabla, yaani mwaka 1935, mtaalamu wa Uingereza aitwaye Arthur Tansley alikuwa ametoa istilahi ambayo sisi twaiita mfumo wa ikolojia, maana yake viumbe pamoja na mazingira yao vikihesabiwa kuwa kitu kimoja. Istilahi hiyo Lindeman aliipa tarakimu.

Kutoka orodha hadi hesabu

Mwenye duka hawezi kujumlisha kilo za sukari, mita za kitambaa na vibiriti. Lakini akivigeuza vyote kuwa shilingi, papo hapo huijua mali yake. Vivyo hivyo mtu hawezi kujumlisha mwani, viluwiluwi na samaki. Sarafu inayovileta pamoja ni nishati, nayo Lindeman aliipima kwa kalori. Kalori moja ni kiasi cha joto kinachotosha kuongeza joto la gramu moja ya maji kwa nyuzi moja ya Sentigredi.

Baada ya kupata sarafu, alivigawa viumbe kwa ngazi za ulaji. Ngazi ya kwanza ni ya mimea na mwani, ambao hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Ngazi ya pili ni ya wanyama wanaokula mimea. Ngazi ya tatu ni ya wanyama wanaowala hao wa pili. Kisha aliifikiria kila ngazi kama pipa lenye bomba la kuingizia maji na bomba la kutolea. Mtu akitaka kujua kama maji ya pipa yanaongezeka au yanapungua, atatoa kinachotoka katika kinachoingia:

Badiliko la nishati katika ngazi = nishati iingiayo – nishati itokayo.

Fomula hiyo ni fupi, lakini ndiyo msingi wa vielelezo vya hesabu vinavyotumiwa hata leo kuyachunguza maziwa. Kielelezo cha hesabu si picha ya ziwa, wala hakidai kuonyesha kila kilichomo. Ni maelezo mafupi ya yale tunayodhani kuwa ndiyo muhimu, yaliyoandikwa kwa namna ambayo makosa yake yanaweza kuonekana.

Hesabu zilionyesha nini?

Katika Cedar Bog Lake Lindeman alikadiria kwamba kila sentimita ya mraba ilipata kalori 118,872 za mwanga wa jua kwa mwaka. Katika hizo, mimea na mwani walinasa kalori 111.3 tu, yaani kama moja katika kila elfu. Wanyama wala mimea walipata kalori 14.8, ambazo ni asilimia 13.3 ya zile za mimea. Wanyama wala nyama walipata kalori 3.1, zaidi kidogo ya asilimia 20 ya zile za ngazi iliyo chini yao. Msomaji akigawanya ataona kwamba katika kila kalori 38,000 hivi za jua zilizoliangukia ziwa, moja tu ndiyo iliyomfikia mla nyama.

Zilizobaki zilikwenda wapi? Sehemu moja ilitumika katika kupumua, nayo ikatoka kama joto. Mimea ilitumia kwa njia hiyo takriban sehemu moja katika tano ya nishati yake, wala mimea sehemu tatu katika kumi, na wala nyama karibu sehemu sita katika kumi. Sababu yake si ngumu kuielewa. Mwani hukaa palipo na mwanga na kungoja, lakini mwindaji hana budi kutembea akitafuta chakula chake.

Jambo la ajabu zaidi lilikuwa katika ngazi ya kwanza. Katika kalori 111 za mimea, kalori 70 hivi hazikutumiwa katika kupumua, hazikuliwa na wanyama, wala hazikuozeshwa na bakteria. Mabaki hayo yalizama yakawa tope. Hapo ndipo daftari lilipotoa habari ambayo orodha ya viumbe isingaliweza kuitoa: ziwa lilikuwa likijijaza lenyewe. Kila mwaka liliweka akiba kuliko lilivyotumia, na akiba hiyo ilikuwa ikiligeuza polepole kuwa kinamasi, na baadaye nchi kavu.

Makala yaliyokataliwa

Lindeman alipata shahada ya udaktari mwaka 1941, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Yale kufanya kazi pamoja na Profesa G. Evelyn Hutchinson, aliyemsaidia kuyapa mawazo yake sura ya kihisabati. Makala yake yalipelekwa kwenye jarida la Ecology. Wataalamu wawili wa maziwa waliombwa kuyapima, Chancey Juday na Paul Welch, na wote wawili wakashauri yasichapwe. Walisema kwamba nadharia yake ilikuwa pana kuliko takwimu alizokuwa nazo, na kwamba elimu ya maziwa ilikuwa bado haijawa tayari kwa kanuni za jumla kama hizo.

Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Makadirio mengine, kama vile ya kupumua kwa wanyama, Lindeman hakuyapima katika ziwa lake bali aliyaazima kutoka uchunguzi wa watu wengine. Zaidi ya hayo, ziwa kubwa alilolilinganisha na lake, Ziwa Mendota la Wisconsin, lilikuwa limepimwa na Juday mwenyewe. Lakini Hutchinson aliwaza kwamba nadharia inayosema wazi ni kitu gani kipimwe ina manufaa hata kabla vipimo vyote havijapatikana. Alimwandikia mhariri, Thomas Park, na makala yalipokwisha kusahihishwa Park akakubali kuyachapa.

Yalitoka mwaka 1942, lakini mwandishi hakuyaona. Lindeman alikuwa akiugua ini kwa muda mrefu, akafariki tarehe 29 Juni mwaka huohuo, akiwa amebakiza wiki chache kutimiza miaka 27. Leo makala hayo ni miongoni mwa misingi ya elimu ya ikolojia.

Kutoka Minnesota hadi Ziwa Victoria

Hesabu hizi zimekwisha kupigwa katika Afrika ya Mashariki pia, na matokeo yake yanafundisha. Katika miaka ya 1950 sangara, samaki mkubwa mla nyama, aliingizwa katika Ziwa Victoria. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, mtaalamu wa viumbe wa majini, aliupinga mpango huo kwa maandishi. Moja ya hoja zake ilikuwa ile ya ngazi: kwa kuwa nishati nyingi hupotea kila ngazi moja inapolishwa na nyingine, wawindaji hawawezi kuwa wengi kama samaki wanaowala.

Katika miaka ya 1980 sangara walizidi sana, na furu, waliokuwa wengi mno na wa aina mamia, wakapungua hata aina nyingi zikatoweka. Hata hivyo samaki waliovuliwa hawakupungua. Katika miaka ya 1970 walikuwa kama tani 100,000 kwa mwaka. Kufikia mwaka 1990 walikuwa kama tani 500,000. Je, daftari lilikosea? La. Kanuni ya ngazi ilibaki palepale, ila kulikuwa na mambo ambayo hesabu ya awali haikuyatia ndani. Furu wengi hapo kwanza hawakuwa wakivuliwa kwa wingi. Wavuvi na nyavu viliongezeka. Na mbolea pamoja na udongo vilivyoingia ziwani viliuzidisha mwani. Sangara nao, furu walipoadimika, waligeukia uduvi, dagaa na hata watoto wao wenyewe. Hesabu hujibu swali iliyoulizwa tu. Asiyeuliza habari za mbolea hatajibiwa habari za mbolea.

Siku hizi kompyuta hupiga hesabu za mapipa mengi kwa pamoja. Mwaka 1984 Jeffrey Polovina alieleza kielelezo kiitwacho Ecopath, alichokitumia katika visiwa vya matumbawe vya Hawaii; baadaye kielelezo hicho kilitumiwa katika maziwa mengi, likiwamo Ziwa Victoria. Mapipa yameongezeka, lakini fomula ni ileile ya kinachoingia na kinachotoka.

Jambo la kufanya shuleni

Shule iliyo karibu na bwawa inaweza kuufungua ukurasa wa kwanza wa daftari lake. Chukua chupa mbili za kioo zenye vizibo, moja nyeupe na moja iliyofunikwa kabisa isipitishe mwanga. Zijaze maji ya bwawa, uziache ndani ya bwawa kwa saa chache za mchana, kisha upime oksijeni ya kila moja katika maabara kwa njia ya Winkler. Katika chupa nyeupe mwani umetengeneza chakula na kupumua. Katika chupa nyeusi viumbe wamepumua tu. Ukitoa oksijeni ya chupa nyeusi katika ile ya chupa nyeupe utapata kipimo cha kazi yote ya mwani kwa saa hizo. Rudia wakati wa masika na wakati wa kiangazi, na uandike tarehe, saa na hali ya mawingu.

Tarakimu za kwanza zitakuwa chache na zenye kasoro, kama zilivyokuwa za Lindeman. Mwanafunzi asizifiche kasoro hizo. Aziandike kando ya tarakimu, ili atakayekuja baada yake ajue mahali pa kuanzia.