Pete ya Kijani Diani: Usiuziwe Chupa, Msee!

Unataka kumvisha dem wako pete Diani lakini doh ya almasi haijafika? Cheki tsavoraiti, jiwe la kijani linalochimbwa Kuranze, hapa hapa Kwale. Jina limetoka Tsavo. Tiffany ya New York ilianza kulipigia debe 1974.

Rada ni hii: kijani kikolee lakini mwanga upite. Likionekana jeusi hata juani, achana nalo. Kisha itisha lenzi ya sonara. Ukiona viputo vya duara ndani, hiyo ni chupa, hata muuzaji aape mara ngapi. Jiwe safi la kupita karati 2 (gramu 0.4 tu!) ni nadra, so kubwa la bei ya kutupa likushtue. Na si gumu kama almasi: akisugua sufuria na mchanga, avue kwanza.