Ushujaa na Kiburi katika Hadithi ya Ryangombe

Katika fasihi za kale za mataifa mengi imo habari ya mtu hodari aliyeonywa, akayadharau maonyo, akafa. Wayunani wanaye Ajax, Waswahili wa pwani wanaye Liyongo, na watu wa nchi zilizo kati ya Ziwa Viktoria na milima ya moto ya Rwanda wanaye Ryangombe, ambaye huko Bugufi, katika wilaya ya Ngara, hujulikana zaidi kwa jina la Kiranga. Walimu wengi wamelipokea jina hili kama jina la pepo tu, lisilopaswa kutajwa darasani. Lakini asiyeijua hadithi yenyewe hawezi kujua ni nini anachokikataza, wala ni nini anachokipoteza; kwa hiyo yafaa tuieleze.

Kwanza habari ya nchi. Bugufi ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi hata Wazungu walipogawana nchi baada ya vita ya 1914–1918, ndipo ikawekwa upande wa Tanganyika. Kihangaza na Kirundi ni lugha za karibu sana, watu wake husikilizana pasipo mkalimani. Basi si ajabu mapokeo yao kuwa mamoja. Biharamulo, nchi ya Wasubi na Wazinza, ilitawaliwa na Wahinda, nao hutazama zaidi upande wa Karagwe na Uhaya. Huko jina kubwa ni Wamara, ambaye tutamtaja baadaye.

Ryangombe alikuwa mwindaji na mkubwa wa kundi la mashujaa waitwao imandwa. Hakuwa mtu asiyeshindwa kamwe: Wanyarwanda husimulia kwamba alishindana na mwenziwe katika mchezo wa bao, ukubwa ukiwa ndio dau, akashindwa, na aliyemwokoa ni mwanawe Binego, kijana mkali aliyemwua mshindani yule. Usiku mmoja mama yake aliota ndoto mbaya. Wasimulizi hutofautiana katika ishara zake, lakini zilizo maarufu ni mnyama asiye na mkia, kijito kitiririkacho pande mbili, na msichana asiye na matiti aliyebeba mtoto. Mama akamsihi mwanawe asiende kuwinda siku ile. Wengine husema aliulaza mshipi wake kizingitini, maana kuuruka mshipi wa mama ni jambo zito. Naye Ryangombe akauruka, akaenda na mbwa wake.

Huko porini aliziona ishara moja baada ya moja, na kila ishara ilikuwa nafasi ya kurudi nyumbani. Hakurudi. Mwisho akakutana na yule msichana, naye akamwomba ngozi ya kumbebea mtoto. Kila ngozi aliyopewa aliikataa, akataka ya nyati. Kisha msichana mwenyewe akageuka nyati, akamchoma shujaa kwa pembe, akaanguka chini ya mti uitwao umurinzi. Binego akalipiza kisasi kwa kumwua nyati, na wenziwe Ryangombe wakakubali kufa pamoja naye. Kabla ya kukata roho aliagiza watu wamkumbuke na kumwita, wakuu kwa wadogo, Watutsi, Wahutu na Watwa pia.

Hapa neno la lugha litatusaidia. Katika Kirundi kiburi ni ubwibone, nalo latoka katika kwibona, yaani kujiona. Mswahili naye, akiacha neno kiburi alilolipata kwa Waarabu, husema vivyo hivyo: mtu huyu anajiona. Lugha hizi mbili zimelijenga neno kwa mbao zile zile, na maana yake ni kali kuliko tulivyozoea kufikiri. Mwenye kujiona hakosi macho, ameyageuza tu. Ryangombe aliona kila ishara iliyoonwa na mama yake, ila alijiona yeye mwenyewe mbele ya ishara.

Sophocles, mtunzi wa michezo wa Athene katika karne ya 5 kabla ya Kristo, ameonyesha jambo hili hili katika mchezo wake wa Ajax. Baba yake Ajax alimwusia atafute ushindi, lakini daima pamoja na msaada wa Mungu. Kijana akajibu kwamba kwa msaada huo hata mtu duni hushinda, yeye atashinda peke yake. Mungu wa kike Athena akampiga kwa wazimu, akachinja mifugo akidhani ni adui zake, kisha kwa aibu akajiua kwa upanga. Katika hadithi zote mbili aonyaye ni mzazi, tena katika zote mbili yumo mnyama aliyesadikiwa kuwa si mnyama, au mtu asiyekuwa mtu. Liyongo ni mbali kidogo. Yeye aliuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni, kwa hila ya mfalme. Huo ni usaliti, wala mbingu hazikumkasirikia.

Tofauti kubwa iko baada ya kifo. Ajax alibaki maiti wa kugombewa mazishi. Ryangombe, kwa kufa kwake, alipewa nguvu alizozikosa hai: akawa mwombezi kati ya watu na Imana. Watu wa Burundi na Bugufi hawakumchanganya Kiranga na Imana. Imana ndiye Mwumba, yu mbali, hana ibada ya namna ile, na Kiranga ndiye afikiwaye. Aliyeingizwa katika ibada hiyo, kubandwa, alihesabiwa kama amezaliwa mara ya pili, akafungwa kwa siri. Huko Rwanda mfalme mwenyewe hakubandwa, kana kwamba enzi mbili haziwezi kukaa katika mwili mmoja. Na huko Burundi yule mwanamke aliyeitwa Mukakiranga, mke wa Kiranga, alipewa heshima kubwa mbele ya mfalme. Shujaa aliyemdharau mama yake akawa kimbilio la wanyonge mbele ya wenye enzi. Sioni kwamba jambo hili ni rahisi kueleza, wala halifai kupunguzwa ili lifanane na hadithi za kufunza watoto adabu.

Wamara wa upande wa Biharamulo na Uhaya alikosa kwa njia nyingine. Yasimuliwa kwamba alishuka na wenziwe katika nchi ya chini, kwa Kintu, akapewa mifugo na mbegu, akaagizwa arudi kushukuru. Akasahau. Kintu akamtuma Rufu, maana yake Kifo, na habari ikaisha kwa Wamara kujitupa na watu wake shimoni kwa ajili ya ng'ombe aliyempenda. Hapa kiburi si ujasiri bali ni kutokushukuru. Wahaya wanayo hata hadithi ya mnara: mfalme Rugomora Mahe aliyewaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma huko Katuruka ili azione mbingu, nao ukaanguka. Msomaji atakumbuka Babeli. Lakini asiharakishe kusema kwamba imeazimwa, kwa maana uhunzi wa mahali pale ni wa kale sana, kama uchimbaji uliofanywa huko kuanzia 1970 ulivyoonyesha.

Padre Arnoux aliandika habari ndefu za imandwa wa Rwanda katika jarida la Anthropos mwaka 1912 na 1913, na Hans Cory akaandika mwaka 1955 juu ya Buswezi wa Unyamwezi na Usukuma, ambako Ryangombe alifika pia. Wamisionari wa kwanza waliona katika kubandwa mshindani wa ubatizo, nao hawakukosa macho: kuzaliwa upya, siri, na mwombezi aliyekufa chini ya mti. Ndiyo sababu mwalimu hawezi kulifundisha somo hili kwa uvivu, akamfanya Ryangombe kuwa Shetani asubuhi na mfano wa Kristo jioni. Yeye si huyu wala si yule.

Neno moja limesalia, nalo ni la mti. Umurinzi una maua mekundu, na ibada ya Kiranga ilifanyika chini yake. Jina lake latoka katika kurinda, ambalo kwa Kiswahili ni kulinda. Umurinzi ni mlinzi. Mwalimu wa Ngara akiuona umesimama peke yake kando ya boma la zamani, amwulize mwenye shamba ni nani aliyeupanda.