Mji Unakua, Kijiji Kinazeeka

1. Mji uliozaliwa na shaba

Katika kusini ya Katanga, udongo una shaba nyingi. Wahenga waliijua tangu zamani sana. Waliiyeyusha katika tanuru ndogo za udongo, wakafanya misalaba ya shaba, na misalaba hiyo ilitumika kama fedha. Lakini walifanya kazi hiyo wakati wa kiangazi tu. Mvua ilipokaribia, waliacha tanuru, wakarudi mashambani.

Mwaka 1906 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa. Mwaka 1910 njia ya reli iliyotoka kusini ilifika karibu na mto Lubumbashi, na mji ukaanza kujengwa. Wabelgiji waliuita Élisabethville. Tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi. Mwaka 1911 tanuru kubwa ya kwanza iliyeyusha shaba.

Kampuni ilikuwa na shida moja kubwa. Shaba ilikuwepo, mashine zilikuwepo, lakini watu hawakutosha. Nchi ile ilikuwa na vijiji vichache, na wanakijiji walikuwa na mashamba yao. Basi wafanyakazi walitafutwa mbali: Luapula, Lomami, Kasai, nchi ambayo leo ni Zambia, na hata Rwanda na Burundi.

2. Kwa nini watu waliondoka?

Mtu haachi kwao bila sababu. Kuna mambo yanayomsukuma atoke, na kuna mambo yanayomvuta aende.

Mambo ya kusukuma yalikuwa mengi. Serikali ya Wabelgiji ilidai kodi kwa fedha, na katika kijiji fedha ilikuwa haba. Katika sehemu nyingi watu walilazimishwa kulima pamba, wakaiuza kwa bei ndogo. Tena walilazimishwa kutengeneza barabara. Kijana aliona kwamba jasho lake halimletei faida.

Mambo ya kuvuta yalikuwa mengi vilevile. Mjini kulikuwa na mshahara. Aliyerudi kutoka migodini alikuwa na nguo mpya, blanketi, labda na baiskeli. Wadogo zake walimtazama, wakataka kwenda pia. Baadaye shule na hospitali ziliwavuta wengine. Tena aliyekwisha kufika mjini aliwapokea ndugu zake na kuwaonyesha kazi. Hivyo mtu mmoja alifungua njia kwa watu kumi.

Reli ilirahisisha safari. Mwaka 1918 ilifika Bukama. Mwaka 1928 ilifika Port-Francqui, mji unaoitwa leo Ilebo, na hivyo nchi ya Kasai ikaunganishwa na migodi.

Mwanzoni wanaume walikuja peke yao, kwa miezi michache. Wengi walifika wamechoka, wakalala katika nyumba mbaya, wakashikwa na magonjwa, na wengi walikufa. Kampuni iliona hasara: kila mara ilipaswa kutafuta watu wapya na kuwafundisha kazi. Basi kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ilianza kuwaandika watu kwa miaka mitatu. Iliwaruhusu kuja na wake zao, ikawapa nyumba na posho. Shule za watoto ziliwekwa mikononi mwa mapadri na watawa. Tangu hapo watoto walizaliwa mjini, wakakua mjini. Kijiji cha babu yao walikijua kwa masimulizi tu.

3. Mji unakua

Mwaka 1910 mahali pale palikuwa msitu. Mwaka 1984 Lubumbashi ilikuwa na watu zaidi ya nusu milioni. Leo ina zaidi ya milioni mbili. Kamalondo, Kenya, Katuba na Ruashi ni mitaa ambayo kila mtu anaijua, na mitaa mingine mipya inaongezeka kila upande.

Mji huleta mema. Watu wa makabila mengi walijifunza kukaa jirani. Ili wapate kuelewana, walitumia Kiswahili, na leo Kiswahili ni lugha ya nyumbani ya watoto wengi wa Lubumbashi. Mjini kuna vyuo, waganga, fundi wa kila namna na soko kubwa.

Lakini mji ni kama tumbo: haujilishi wenyewe. Kila siku unataka unga wa bukari. Mashamba ya karibu hayatoshi, kwa hiyo mahindi mengi na unga mwingi hununuliwa Zambia. Zambia ikifunga mpaka kwa sababu ya mavuno mabaya, bei ya unga hupanda Lubumbashi, na maskini hulala na njaa.

Tena mji unataka moto. Jamaa nyingi hupika kwa makala. Ili kupata makala, msitu wa miombo umekatwa kuuzunguka mji, na kila mwaka wachoma makala wanapaswa kwenda mbali zaidi. Pale msitu ulipokwisha, uyoga na matunda ya porini yamekwisha pia, na udongo unachukuliwa na mvua.

Tena mji unataka maji safi. Mtaa ukijengwa mbele ya mabomba, watu huchimba visima karibu na vyoo. Maji ya namna hiyo huleta kuhara na kipindupindu.

4. Kijiji kinazeeka

Sasa tuangalie kule walikotoka.

Katika vijiji vingi vya Katanga, shamba huanza kwa shoka. Mwanaume hukata miti na matawi, huyaacha yakauke, huyachoma. Majivu hunonesha udongo. Kisha mwanamke hulima kwa jembe na kupanda. Baada ya miaka michache udongo huchoka, na shamba jipya hukatwa mahali pengine. Basi kazi ya shoka ni kazi ya kijana mwenye nguvu.

Vijana wakiondoka, nani atakata miti? Mzee hawezi kupanda juu ya mti. Mama hulima shamba lile lile mwaka baada ya mwaka. Ulezi hupenda udongo mpya, kwa hiyo huachwa. Mihogo huvumilia udongo uliochoka, tena haidai kazi nyingi, kwa hiyo hupandwa kila mahali. Mihogo hushibisha tumbo, lakini haijengi mwili kama samaki, karanga na maharage. Mtoto anayekula mihogo peke yake hudhoofika.

Hata serikali ya Wabelgiji iliona hatari hiyo. Katika miaka ya 1920 iliweka mpaka wa hesabu ya wanaume ambao waandikaji wa kazi waliweza kuwatoa katika vijiji, kwa kuogopa kwamba vijiji vitakufa.

Hapa kuna jambo la kushangaza. Kongo ni nchi ya vijana. Karibu nusu ya watu wake hawajafika miaka 15. Wenye miaka 65 na zaidi ni 3 hivi tu katika kila watu 100. Kule Ubelgiji wazee wa namna hiyo ni 20 hivi katika kila 100. Huko wazee ni wengi kwa sababu watu huishi miaka mingi na watoto wanaozaliwa ni wachache. Lakini kijiji cha Kongo kinaweza kuzeeka katikati ya nchi ya vijana. Wazee wake hawakuongezeka: ni vijana walioondoka. Bibi hubaki na wajukuu wadogo. Paa likivuja, hakuna wa kupanda. Mtungi ni mzito, na mto uko mbali.

Mtoto aliye mjini akituma fedha, anafanya vema. Siku hizi fedha hufika hata kwa simu. Lakini fedha peke yake haikati mti wala haibebi maji. Ni lazima awepo mtu wa kupewa kazi hiyo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

5. Siku mji ulipotikisika

Wengi walifikiri kwamba mshahara wa migodi hautakwisha kamwe. Kampuni ya zamani ilitwaliwa na serikali, ikawa Gécamines. Mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1994 shaba yote haikufika tani 40,000. Mishahara ilichelewa, posho ikakatika. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi kwa kupewa kiasi cha fedha.

Wakati ule wa taabu, jembe liliokoa jamaa nyingi. Wake wa wafanyakazi walilima mahindi na mboga kando ya mji. Aliyejua kulima alikula.

Taabu ilileta ubaya mkubwa pia. Mwaka 1992 na 1993, katika ugomvi wa siasa, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa maelfu na maelfu. Wengi walikuwa wamezaliwa huko. Walilala majuma na miezi katika stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja gari la moshi, na wengi walikufa. Baba zao walikuwa wameitwa kuja kujenga mji. Watoto waliambiwa kwamba ni wageni.

6. Mambo ya kukumbuka

Hakuna awezaye kuwafunga vijana kijijini kwa kamba. Kuhama si dhambi. Pengine ni lazima. Lakini kijiji kikiwa na shule nzuri, dawa, barabara ya kupeleka mahindi sokoni na bei ya haki, vijana wengi watapenda kukaa. Na mji nao utafaidika, kwa maana utapata chakula karibu.

Anayekwenda mjini asisahau nyuma. Amri ya nne inamwagiza kila Mkristo kuwaheshimu wazazi wake, na heshima hiyo haikomi kwenye stesheni. Anayekaa mjini ampokee anayefika, kwa maana baba yake mwenyewe alifika siku moja akiwa na mzigo kichwani, akitafuta mahali pa kulala.

Maulizo

1. Zamani watu walifanya kazi ya shaba wakati gani? Kwa nini waliacha mvua ilipokaribia?
2. Taja mambo mawili yaliyosukuma watu na mawili yaliyowavuta.
3. Kwa nini mihogo hupandwa sana pale vijana walipoondoka?
4. Kijiji kinawezaje kuzeeka katika nchi ya vijana?
5. Katika jamaa yako, nani aliyehama kwanza? Alitoka wapi, na kwa sababu gani? Waulize wazee, kisha andika majibu yao.