Mfarishi wa Vipande na Mgongo wa Marekani

Usitupe vipande vya vitenge vinavyobaki kwa fundi. Katika vilima vya Ngara, kuanzia Juni hadi Agosti, usiku huwa na baridi ya kuuma. Hata Biharamulo, mtoto aliyejifunika khanga moja huamka alfajiri amejikunja kama konokono. Blanketi jipya lina bei yake, na nyumba yenye watoto sita haiponi kwa blanketi moja. Ndiyo sababu sisi, akina mama wachache, tulianza kushona mifarishi: uso wa vipande, kitu cha joto katikati, na mgongo wa kitambaa kimoja.

Vipande havikutusumbua. Mafundi cherehani wengi, iwe Ngara mjini, Kabanga au Biharamulo, wana mfuko wa mabaki chini ya meza. Kilichotusumbua ni mgongo, mpaka mmoja wetu aliposema, "Kwa nini tusitumie marekani?"

Marekani ni pamba tupu isiyotiwa rangi wala kusafishwa ikawa nyeupe. Rangi yake ni ya maziwa yaliyokaa, na ina vidoadoa vya kahawia ambavyo ni mabaki ya maganda ya mbegu za pamba. Usiichanganye na bafta, wala melimeli ambayo ni nyepesi mno kwa kazi hii. Siku hizi vitambaa vingi vimechanganywa na nailoni, kwa hiyo mwombe mwenye duka uzi mmoja uuchome. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Ukiona uzi unayeyuka na kuwa kidonge kigumu, rudisha jora mahali pake.

Jina lenyewe lina historia. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na serikali ya Marekani, merikebu za Salem, Massachusetts, zilileta Unguja majora ya kitambaa hiki na kuondoka na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Misafara ilikichukua bara kama fedha, kikihesabiwa kwa mikono na doti. Kilifika hata kwa majirani zetu wa Karagwe, ambako wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo Kafuro. Vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, mwaka 1861 hadi 1865, vilipokatiza shehena, viwanda vya Uingereza na India viliingia sokoni. Jina likabaki.

Sasa tuungame kosa letu. Mfarishi wa kwanza tulimshonea binti aliyekuwa anakwenda shule ya bweni, ambaye mama yake hakuwa na uwezo wa kununua blanketi. Tulikata marekani ikiwa mpya kutoka dukani, tukashona kwa siku nne, tukafurahi. Binti alipoufua mara ya kwanza mgongo ukapungua, uso ukabaki ulivyo, mfarishi mzima ukajikunja kama jani la mgomba lililonyauka. Juu ya hayo, khanga nyekundu ilichuja na kuacha madoa kila mahali. Likizo ilipofika alituletea umefichwa ndani ya sanduku, chini ya sare. Hakutulaumu, na hilo lilituuma zaidi.

Tuliufumua wote. Tangu hapo hatukati marekani kabla ya kuifua. Kitambaa hutoka kiwandani na wanga unaokifanya kigumu. Loweka usiku kucha, fua kwa sabuni na maji ya moto, anika juani, kisha piga pasi kikiwa na unyevu kidogo. Mita moja inaweza kupungua sentimita 5, hata zaidi, basi nunua cha ziada. Vitenge na khanga navyo vifuliwe kwanza, kila rangi peke yake. Sugua kitambaa cheupe kilicholowa juu ya kile unachokitilia shaka. Kikiacha rangi, kifue tena au kiache kabisa.

Marekani ina kazi nyingine ambayo tuliigundua wakati wa kufumua. Mabaki ya fundi yamekatwa huku na huku, mengine mshazari, na ukiyaunganisha yenyewe kwa yenyewe huvutika na kupinda. Kata marekani miraba ya sentimita 30. Weka kipande cha kwanza katikati, cha pili juu yake uso kwa uso, shona ukingo mmoja mpaka kwenye marekani, fungua, kunja vizuri, endelea na kingine hadi mraba ujae. Kisha punguza kingo zilingane. Hata vipande vya upana wa vidole viwili hupata kazi, na mshono haukatiki upesi kwa sababu umeshikwa na kitambaa imara chini yake.

Katikati tunatia blanketi kuukuu lililofuliwa. Mama mmoja alileta blanketi la kijivu lililochakaa alilokuwa nalo tangu mwaka 1994, wakati watu wapatao 250,000 walipovuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi na Benaco ikageuka mji wa mahema. Lilikuwa na matundu lakini joto lake bado. Wenzetu wa Biharamulo wanaolima pamba wanaweza kutumia pamba iliyochambuliwa, ila mishono iwe karibu karibu, isije ikakusanyika pembeni.

Tabaka zote tatu tunazifunga kwa mafundo ya uzi maradufu, kila baada ya sentimita 10 au 15. Wanawake wa makanisa ya Kilutheri huko Marekani nao hufunga hivyo mifarishi wanayowashonea wakimbizi kupitia Lutheran World Relief, shirika lililoanzishwa mwaka 1945. Mwisho kunja marekani iliyozidi ije juu ya uso, upinde. Tahadhari moja: mtoto ambaye hajatimiza mwaka asifunikwe mfarishi anapolala. Ni mzito, unaweza kumziba pumzi.

Jambo moja hatukulitazamia. Bibi mmoja, mwenzetu katika kushona, alikataa katakata kuchukua wake. "Hicho ni kitambaa cha sanda," alisema. "Nimewavika wangu watatu. Sitajifunika nikiwa hai."

Hatukubishana naye. Tulichemsha majani ya chai mengi na chumvi kidogo, tukaloweka marekani yake usiku kucha, ikatoka na rangi ya udongo wa kwetu. Aliigeuza mara mbili, akainusa. Siku hizi anajifunika mfarishi huo, na binti wa bweni ameomba wake nao utiwe chai.