Kisanduku kwenye skeli ya logarithi: tusifute neno «na»

Anayerekodi mazungumzo hapa Kisangani, ambako Kiswahili na Lingala hukutana hata ndani ya sentensi moja, hufika mahali akahesabu maneno. Hesabu hiyo hulalia upande mmoja. Maneno machache, kama «na», «ya» na «wa», hurudi mara nyingi mno, na mengine mengi hutokea mara moja tu. George Zipf, mwanaisimu Mmarekani, alilieleza jambo hili katika vitabu vyake vya 1935 na 1949.

Tuchukue mfano wa kubuni: maneno tisa yametokea mara 1, 1, 1, 2, 3, 5, 12, 40 na 300. Mchoro wa kisanduku, uliojulikana sana kupitia kitabu cha John Tukey cha 1977, huonyesha mediani, yaani thamani ya katikati (hapa 3), na kisanduku kinachobeba nusu ya katikati ya data (hapa 1 hadi 12). Mikia hutoka kwenye kisanduku, lakini haivuki mara 1,5 ya urefu wake. Kilicho nje ya hapo huchorwa kama nukta.

Kwenye skeli ya kawaida, kisanduku chetu hakifikii asilimia 4 ya mhimili. Msomaji ataona kistari tu. Kwenye skeli ya logarithi, umbali wa kutoka 1 hadi 10 ni sawa na ule wa kutoka 10 hadi 100. Kisanduku kinafunguka, na mediani inaonekana.

Hapo ndipo penye mtego. Tukipiga hesabu kwa namba zenyewe, mpaka wa juu ni 12 + 1,5 × 11, yaani 28,5. Kwa hiyo 40 na 300 ni nukta. Tukigeuza namba kuwa logarithi kwanza, mpaka unapanda hadi karibu 499, na hakuna nukta hata moja. Mediani na kisanduku havikusogea, kwa kuwa logarithi haibadili mpangilio wa namba. Kilichobadilika ni mkia na nukta.

Programu nazo hazifanani. Katika R, amri «boxplot» yenye log="y" hupiga hesabu kwanza, kisha hunyoosha mhimili. Katika ggplot2, «scale_y_log10» hugeuza data kwanza. Data ni ile ile, michoro ni miwili.

Kwa mwanafunzi wa lugha, tofauti hii si ndogo. Anayeona nukta akadhani ni kosa, akaifuta, huenda amefuta «na», neno linalounganisha usemi wote aliourekodi. Nukta ni swali la kurudi kwenye matini, si ruhusa ya kufuta.

Basi, chini ya mchoro tuandike kama logarithi ilitangulia hesabu au ilifuata. Kwenye mhimili tuweke 1, 10, 100, si 0, 1, 2, ili msomaji aone idadi ya maneno. Na tukumbuke kwamba sifuri haina logarithi: neno lililokosekana katika rekodi moja haliwezi kuchorwa. Anayeongeza 1 kwa kila namba ili kulipatia nafasi, aseme hivyo waziwazi.