Bunduki, Maradhi ya Akili na Sheria: Tarime na Serengeti

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipokwisha, bunduki za kivita zilisambaa katika nchi ya Wakurya, kaskazini mwa Tanzania, na wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mikuki na mishale ukawa wa risasi. Kwa hiyo mfugaji wa Tarime au Serengeti anapoomba leseni ya silaha, majirani hawamshangai. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inamtaka mwombaji awe na akili timamu, asiwe mtu wa vurugu wala mtumwa wa ulevi. Wengi hulielewa sharti hilo kwa mkato: aliyewahi kuugua akili asipewe bunduki. Mkato huo huwanyima silaha watu wengi wasio na hatari yoyote na kuwapita walio hatari kweli. Kinachofaa kupimwa ni hali ya mtu ilivyo sasa, tena kila inapobadilika, badala ya jina la ugonjwa lililoandikwa hospitali miaka kumi iliyopita.

Maradhi ya akili ni mengi. Mwenye sonona, mwenye hofu iliyopita kiasi na mwenye skizofrenia hawafanani, na aliyepona hafanani na aliyeacha dawa. Jeffrey Swanson, mtafiti wa Marekani, alikadiria kwamba hata maradhi makubwa ya akili yangetoweka yote, vurugu nchini humo zingepungua kwa asilimia 4 hivi. Ulevi, ugomvi wa nyumbani na historia ya kupiga watu hutabiri mauaji vizuri zaidi. Maradhi na bunduki hukutana vibaya zaidi katika kujiua. Marekani, zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki ni vya waliojiua, na anayejipiga risasi hufa karibu mara tisa katika kumi. Wakati huohuo, wengi waliowahi kujaribu kujiua wakaokolewa hawafi kwa njia hiyo baadaye. Hivyo kuitenga silaha kwa majuma machache kunaweza kuokoa maisha yote.

Yuko atakayesema: tuwakatalie wagonjwa wote, tuwe salama. Lakini mkulima akijua kwamba kwenda kliniki ya akili kutamnyang'anya bunduki daima, hataenda kliniki. Atabaki na silaha na ugonjwa usiotibiwa. Mwingine atauliza leseni ina maana gani ilhali magobore na bunduki za magendo hazina leseni. Hoja hiyo ina uzito, maana hakuna daktari anayempima mwenye silaha ya kificho. Ndiyo maana ulinzi hauwezi kuishia kwenye fomu ya polisi. Lazima uwafikie mke, ndugu na mwenyekiti wa kitongoji, wanaomwona mtu halali usiku, anasikia sauti au anaaga watoto. Hoja nzito kuliko zote ni kwamba, penye uhasama wa koo, mtu anaweza kumzushia jirani wazimu ili abaki bila ulinzi. Dawa yake ni utaratibu: silaha itunzwe polisi kwa muda uliotajwa, hakimu asikilize pande zote, daktari ampime mhusika, na akitengemaa arudishiwe. Jimbo la Connecticut, Marekani, lina sheria ya kuondoa silaha kwa amri ya hakimu tangu 1999.

Nusu ya njia tumeshaipita. Maombi ya leseni huanzia kijijini, na Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inaruhusu mgonjwa kupelekwa hospitali hata asipotaka. Kilichopungua ni kuziunganisha sheria hizi mbili, ili anayepelekwa kutibiwa silaha yake itunzwe siku hiyohiyo. Kizuizi kikubwa kiko kwenye Kanuni ya Adhabu, ambayo kifungu chake cha 217 kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo nchini humo kinapingana na katiba. Kwetu kingali hai, na mradi kiko hai, mke anayeripoti kwamba mumewe anataka kujipiga risasi anaomba msaada kwenye mlango uleule unaoweza kumfunga mumewe.