Unapodaiwa, Usijidhalilishe: Kujihurumia Wakati wa Deni

Wahenga walinena kwamba dawa ya deni ni kulipa, nasi hatuipingi kauli hiyo. Hata hivyo, wengi walioelemewa na mikopo ya simu hawashindwi na hesabu pekee, bali pia na aibu. Mtu aliyekopa shilingi 5,000 ili alipe karo huanza kujiita mjinga. Huogopa kufungua ujumbe wa mkopeshaji, humficha mwenzi wake, kisha hukopa kwingine ili kuziba pengo la kwanza. Hukosa usingizi, na deni nalo huongezeka.

Kujihurumia ni nini?

Mwaka 2003, mwanasaikolojia wa Marekani, Kristin Neff, alieleza sehemu tatu za kujihurumia: kujitendea kwa upole badala ya kujishutumu; kukumbuka kwamba kukosea na kutaabika ni mambo ya binadamu wote; na kuyatazama maumivu jinsi yalivyo, bila kuyakana wala kuyakuza.

Kujihurumia si kujidekeza, wala hakufuti deni. Kazi yake ni kukupa utulivu wa kulikabili. Anayejitukana hujificha, anayejihurumia hukiri kosa na kutafuta njia ya kulirekebisha.

Hatua za kuanzia

1. Zungumza na nafsi yako kama ambavyo ungezungumza na ndugu aliyekujia na shida hiyo hiyo. Kwa mfano: "Nilikopa kwa sababu karo ilihitajika. Nilikosea kutosoma masharti. Sasa nitapanga namna ya kulipa."

2. Orodhesha madeni yote katika karatasi moja: mkopeshaji, kiasi na tarehe ya kulipa. Tenga nusu saa kwa kazi hiyo, kisha upumzike.

3. Mweleze mtu mmoja unayemwamini. Siri huulemea moyo kuliko deni lenyewe.

4. Tenga kwanza fedha za chakula na kodi ya nyumba. Kisha wasiliana na mkopeshaji kabla ya tarehe kufika, umwombe mpango mpya wa malipo kwa maandishi. Usikope tena ili kulipa mkopo.

Heshima yako inalindwa na sheria

Kudaiwa hakumpi mtu yeyote ruhusa ya kukufedhehesha. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu watoa mikopo ya kidijitali zinawakataza kumtisha mkopaji, kumtukana, kumwaibisha hadharani, au kuwapigia bila idhini watu walio katika orodha ya simu yake. Ukitendewa hivyo, hifadhi jumbe hizo kama ushahidi na uwasilishe malalamiko kwa Benki Kuu. Ikiwa taarifa zako za kibinafsi zimetumiwa vibaya, mwarifu pia Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Wakati wa kutafuta msaada

Huzuni, kukosa usingizi au kukosa hamu ya chakula kukiendelea kwa zaidi ya wiki mbili, nenda katika kituo cha afya kilicho karibu. Ukijiwa na mawazo ya kujidhuru, usingoje kesho: mwite mtu wa karibu akae nawe, nenda hospitali, au piga simu bila malipo kwa Msalaba Mwekundu wa Kenya, nambari 1199.

Deni lina kiasi na lina mwisho. Thamani yako haipimwi kwa shilingi unazodaiwa.